Telegramu Nyuma ya Saa

Hakuna meli ya Josiah Prytherch itakayong'oa nanga siku ya Bwana, iwe kwa upepo mwema, iwe kwa hasara, iwe kwa amri ya Malkia mwenyewe. Ndivyo lilivyotamka bango dirishani mwa ofisi yake, bandarini Aberwennol, na alipoamua kugombea ubunge likachapwa upya kwa herufi kubwa zaidi.

Watu walilipenda. Prytherch alikuwa mtoto wa mpasua mawe ya kuezekea, akaanza kazi baharini kama mpishi wa merikebu, na sasa alikuwa na meli sita. Kila meli iligawanywa hisa sitini na nne, na nusu ya waumini wa kanisa la Seion walikuwa na hisa humo. Waliomwombea kila Jumapili walikuwa na sababu zaidi ya moja.

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya kura, gazeti la mpinzani wake likaandika kwamba Bethania, mojawapo ya meli zake Prytherch, iliondoka Hispania Jumapili saa nne asubuhi. Ubaya wa habari hiyo ni kwamba ilikuwa kweli.

Jumatano jioni kikao cha waumini kikaitwa. Katika kikao hicho mtu husimama mbele ya nduguze, na mikono ikiinuka dhidi yake, ametolewa kanisani. Prytherch alilijua jimbo lake: aliyetolewa Seion asingepata kura hata ya shemeji yake.

"Ndugu Prytherch," mchungaji akasema, "ulimpa nahodha ruhusa?"

Prytherch akatoa bahasha mfukoni. "Ilifika Jumapili ile. Mimi sifungui telegramu siku ya Bwana. Niliiweka nyuma ya saa."

Hakusema kwamba Jumatatu, habari za dhoruba zilipofika, aliogopa kuifungua. Wala kwamba Bethania iliporudi salama hakuona tena haja.

Mchungaji akaigeuzageuza. Gundi haikuguswa. Akaichana, akasoma: "Upepo unageuka. Niondoke au ningoje? Penri."

Kanisa zima likashusha pumzi. Prytherch naye.

"Mimi nina neno," akasema Catrin Meredydd, muuza kome, ambaye mwanawe alikuwa baharia wa Bethania. "Josiah, meli ngapi zilingoja pale?"

"Tatu, mama."

"Ziko wapi?"

"Zilizama."

"Kumbe! Na mwanangu angekuwa wapi saa hizi? Nyuma ya saa?"

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Kikao kilikuwa kinaanza kumponyoka Prytherch.

Mchungaji akawahi kumgeukia Nahodha Griff Penri, mtu mfupi aliyeketi peke yake. "Ndugu Penri, basi kosa ni lako. Unatubu?"

"Nilikuwa na watu kumi na wanne, Mchungaji. Nikitubu, nitakuwa nasema ningetaka wafe."

"Unatubu au hutubu?"

"Mniwie radhi. Siwezi."

Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, ukiwamo wa fundi matanga aliyekuwa katika safari ile. Catrin alikunja mikono yake kifuani, akamkazia macho Prytherch. Na wengine wakamtazama, kwa maana alikuwa mzee wa kanisa, na mzee asiyeinua mkono huwa amesema jambo. Penri naye alimtazama, bila kinyongo, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Prytherch akainua mkono.

Penri akachukua kofia yake, akatoka. Mlango aliufunga polepole.

Prytherch alishinda kwa kura mia mbili na kumi na moja. Bango lilibaki dirishani. Mwezi uliofuata alizindua meli ya saba, kubwa kuliko zote, akamkabidhi Griff Penri. Ilipangiwa njia ambayo bandari zake hazikuwa na ofisi ya telegramu.