Mwalimu Aliyekula Kila Nyumba

Juzi, nikipita Igalula, nilimwona mwalimu kijana akipiga hodi nyumba kwa nyumba, nikamkumbuka mkuu wa sekondari yetu. Alasiri moja zamani hizo, mkuu huyo alikula ugali na mlenda kwetu, akiwa ametoka kula kwa jirani. Nilidhani ana njaa, kumbe alikuwa akitafuta wanafunzi. Uani kulinuka moshi wa tumbaku, na dada yangu Kabula alikuwa akifunga majani mabichi kwenye fito ili yakaushwe.

“Baba Kabula, kidato cha kwanza kina watoto wachache mno, serikali itakifunga,” mkuu alimwambia baba. “Nipe huyu binti.”

“Na tumbaku atafunga nani?”

“Nitakuja kufunga mimi.”

Jumatatu Kabula alivaa sketi ya mama iliyopunguzwa, akaenda shule. Jioni mkuu alikuja, akafunga majani mpaka giza likaingia. Alifunga vibaya sana, lakini baba hakumwambia.