Bibi Aliyetaka Nyongeza

Kabla sijawa mhudumu katika makao ya wazee nje kidogo ya Njombe, niliuza mayai ya kuchemsha stendi ya Makambako. Mtu akiniuliza ni wapi nilipojifunza kuuguza, namjibu stendi. Dirisha la basi liko wazi, dereva keshapiga honi, mteja anataka chumvi, pilipili, chenji na tabasamu, vyote kwa pamoja. Wodi ya wazee ni hivyohivyo, ila basi lenyewe halina haraka ya kuondoka.

Getini kwetu pana bango kubwa: Heshima kwa Kila Mzee. Bango lina taa. Choo cha wanawake hakina. Nilizihesabu taa mara mbili nisije nikamsingizia mtu.

Bibi ninayemkumbuka zaidi alikuwa mfanyabiashara wa viazi soko la Makambako. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya mume, watoto, na hata habari ya kwamba amekula. Soko tu ndilo uliloshindwa kulibeba. Kwake wodi ilikuwa soko, kitanda kilikuwa kibanda chake, na kila aliyekuja ameshika kitu alikuwa tapeli mpaka athibitike vinginevyo. Alikuwa mtu wa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kichuguu juu ambalo serikali haichoki kulipiga marufuku. Gunia lililojaa mpaka mdomoni tu, kwake lilikuwa gunia la mwizi.

Saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Hakuwahi kusema anaumwa. Maumivu yalipozidi alikunja uso, akashika blanketi kama anayenyang'anywa, na akaacha kututukana. Tulijifunza kumpima kwa matusi: siku akikuita mbwa wa stendi, ujue ana nafuu.

Muuguzi wetu, mama wa Kibena asiyecheka ovyo, alimletea mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwenye kikombe.

"Bibi, kunywa. Ni bure kabisa."

"Bure?" Bibi akakitazama kikombe. "Imeoza?"

Akageukia ukutani. Chai ya bure aliikataa hivyohivyo, na uji, na kuogeshwa. Nilimvuta muuguzi pembeni, nikamwomba agawe kipimo chake kwenye vikombe viwili. Alinitazama kama nimemwomba aibe sadaka, lakini akagawa. Nikasogea kitandani na kikombe cha kwanza, nikamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Unauza nini?"

"Dawa ya mifupa. Imeshuka leo."

"Kidogo hivyo? Unamuuzia kuku?"

"Mzigo umepanda, mama. Barabara mbovu, lori limelala njiani."

"Lori lako linanihusu nini? Ongeza."

"Nikiongeza wanangu watakula nini?"

"Watakula aibu yako. Ongeza!"

Nikaguna, nikalalamika, nikamimina kikombe cha pili juu ya cha kwanza kama anayetoa figo. Bibi akanywa chote, akajifuta mdomo. "Kesho usije na ujinga huu," akasema. Kwa lugha ya sokoni hiyo ni asante.

"Kipimo ni kilekile nilichopima mimi," muuguzi alininong'oneza koridoni. "Usije ukajiona daktari."

"Nami siuzi kwa hasara, sista."

Ukawa ndio utaratibu wetu: nusu, ugomvi, nyongeza. Mwanzoni muuguzi naye alivutana bei kama anayesoma matangazo kanisani. Baadaye akawa anabeba kikombe na kuondoka kabisa, mpaka bibi amwite kwa hasira, "We mwanamke, rudi!" Niliona wivu. Ile ilikuwa mbinu yangu.

Ndipo akaja mwana wa kiume wa bibi kutoka Dar. Alikuwa na shamba la parachichi za kwenda Ulaya na koti jipya la baridi ya Njombe, lebo bado inaning'inia. Akampiga mama picha, akapigwa picha pamoja naye, akaketi kuzituma. Aliposikia mofini ikitajwa akasimama.

"Hayo si madawa ya kulevya? Mama yangu ni mzee wa kanisa! Aondoke duniani kama vijana wa kijiweni?"

Muuguzi akamweleza taratibu kwamba kipimo kimeandikwa na daktari, kwamba mama anaumwa ingawa hawezi kusema.

"Tutamwombea."

"Kuomba tunaomba, kaka. Na dawa tunampa."

Mwana akaenda kwa msimamizi wa makao. Msimamizi alikuwa ameahidiwa tangi la maji na bwana huyo, hivyo akaona kuna haja ya kushauriana kwanza. Wakati wanashauriana, saa ya dawa ikapita.

Alasiri nilimkuta mwana kando ya kitanda, ameridhika. "Mnaona? Ametulia mwenyewe."

"Hajatulia, kaka. Hajamtukana mtu tangu asubuhi."

Akadhani namtania. Lakini muda wa kumgeuza ulikuwa umefika, nikamwomba ashike upande wa mabega. Tulipomwinua kidogo tu, bibi akaukamata mkono wa lile koti, na mlio ukamtoka ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu anayeuza viazi. Mwana akabaki ameinama vilevile, haachii, hasogei.

"Mpeni," akasema.

Muuguzi akapima, akagawa, akamkabidhi vikombe. "Mpe wewe. Mikono yetu imeshauza sana."

"Mama, chukua tu. Ni zawadi."

Bibi akageukia ukutani. Mtu anawauzia Wazungu parachichi meli nzima, na tone la dawa limemshinda kumuuzia mama yake! Nikamkanyaga mguu. "Usigawe, kaka. Uza."

Akakivuta kikombe nyuma. "Mama... hiki ndicho cha mwisho. Nina wateja wengine wananisubiri."

Jicho moja likafunguka. "Ongeza."

"Siwezi, mama. Nitafilisika."

"Filisika. Ongeza."

Akamimina. Bibi akanywa. Dawa ilipoanza kumwingia akamtazama mwana. "Biashara ulifundishwa na nani wewe?"

"Na wewe, mama."

"Mimi sifundishi wajinga."

Mwana akacheka mpaka akalazimika kutoka nje kujifuta macho. Suala la mashauriano halikutajwa tena. Alibaki Njombe, akawa muuzaji wa alasiri, akatukanwa kila siku na kuja kutusimulia kwa majivuno.

Alasiri moja ya ukungu alikuja na kikombe chake. "Mama, leo mzigo umepanda sana..." Bibi akanywa ile nusu, akafumba macho. Tukangoja. Hakudai kitu.

"Mama? Na nyongeza?"

Nilikwenda kuandaa mashuka safi. Muuguzi akamwonyesha mwana namna ya kudondosha dawa ndani ya shavu, polepole, naye akaitoa nyongeza yote bila kuombwa. Asubuhi bibi alikuwa ameondoka. Uso ulikuwa umekunjuka, na vidole havikushika blanketi.

Nilimsindikiza mwana Makambako kununua jeneza. Fundi akataja bei, mwana akatoa pochi palepale, macho mekundu. Nikamshika mkono.

"Kaka. Mama yako yuko hapa anasikiliza."

Akairudisha pochi mfukoni. "Fundi, ongeza."

"Jeneza, bosi? Naongeza nini?"

"Ongeza tu."

Wakavutana mpaka wapita njia wakasimama. Mwisho fundi akatuongezea msalaba. Niliukagua mara mbili. Ulikuwa wa mbao nzuri.