Tone Chini ya Lenzi

Pale maabara walimwita Bi Kipimajoto, na jina likamkaa. Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa moja tu: kupima ugumu wa nyuzi za protini, zile nyembamba mno zinazoishikilia seli isibonyee. Alizitia kwenye tone la maji, akaliweka tone juu ya sahani ya darubini yenye hita, akatazama zinavyotikisika. Uzi laini hutikisika sana, mgumu hutikisika kidogo. Zikipashwa hadi digrii thelathini na saba, joto la mtu mwenye afya, zilitakiwa zilegee kwelikweli. Zake zilikaidi. Zililegea kidogo tu, kama vile zinamfanyia hisani.

Alirudia mara arobaini. Alibadilisha chumvi, akabadilisha protini, akamlaumu fundi wa umeme hadi maskini wa Mungu akaacha kupita korido ile. Mkuu wa maabara naye alichoka kusubiri. Alisema makala ya utafiti itaandikwa hivyo hivyo na kutumwa jaridani Ijumaa, jina la Bi Kipimajoto likifuata lake. Katika miaka kumi na tisa ya kuosha vioo na kuwapimia wasomi, jina la mama huyu halikuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Jumatano, nyumbani, mkwewe alikuwa akimlisha mjukuu uji kwenye kikombe kidogo. Alilalamika kwamba lile jijiko la chuma limeshaupoza wote. Bi Kipimajoto akaacha kula.

Kesho yake asubuhi alichomeka waya mwembamba wa kupimia joto ndani ya tone lenyewe. Hita ilionyesha thelathini na saba. Akaishusha lenzi, pande zito la chuma linalogusana na kioo kilichofunika tone kupitia mafuta. Waya ukasoma thelathini na tano, thelathini na tatu, ukatulia kwenye thelathini na moja. Kumbe siku zote alikuwa akipasha sahani, huku lenzi baridi ikinyonya joto kimya kimya. Na kila mgeni wa darubini ile alifundishwa na yeye. Alikasirika, na wa kumkasirikia hakuwa mwingine ila yeye mwenyewe.

Angeweza kuuchomoa waya, mambo yakaisha. Badala yake aliingia kwa mkuu, akaeleza yote akiwa amesimama. Mkuu akauliza nani mwingine anajua.

"Mimi na wewe tu, mzee."

Mkuu akavua miwani. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, tofauti yenyewe ni digrii chache, tena makala imeshapangwa, na asisahau jina lake limo.

"Basi litoe," alisema Bi Kipimajoto. "Miaka yote hii sijaandikwa mahali. Siwezi kuanza na uongo."

Mkuu akachukua kalamu, akalikata. Ijumaa makala ikaenda na thelathini na saba yake, chini ya jina moja.