Hodi ya Ukutani

Siku ninayoikumbuka ni Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2008. Majani ya miti yalikuwa yakipukutika mbele ya nyumba yetu ya Malvern, huku ughaibuni, nami nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mjane wa miaka miwili. Kwa umri wako, mwanangu unayenisoma, utaona huo si ujana. Subiri ufike, utaniambia.

Nyumba ile niliinunua mwaka 2007, kwa jina langu. Wenye nyumba wa kwanza waliiwekea mashine ya kufyonza vumbi, lakini si ile ya kukokota kwa magurudumu. Pipa la mashine lilifungwa gereji, na kutoka hapo mabomba yalipita ndani ya kuta hadi kila chumba. Ukitaka kusafisha, unafunua kifuniko kidogo ukutani, unachomeka mpira mrefu kwenye tundu, na vumbi linaitikia wito. Tatizo ni kwamba wenyewe walihama na mpira wao. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kwa hiyo nilifagia kwa ufagio kama nilivyolelewa, na matundu nikayafanya pambo. Kwangu mgeni hakupewa chai kabla hajaonyeshwa matundu.

Juni ya mwaka ule mama mkwe wangu alikuja kutoka Upare kutuona, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Desemba. Tulimpa chumba cha chini kwa sababu ya magoti yake. Wanangu, Naomi wa miaka kumi na minne na Elia wa miaka minane, walilala juu. Nilitumaini kwamba kwa bibi yao wangempata tena baba yao, maana ni yeye peke yake aliyebaki wa kusimulia utoto wake. Lakini kila alipowasemesha, watoto walijibu, "Oke, Bibi," wakapanda ngazi na kufunga milango.

Mwishoni mwa Septemba aliniambia, "Mama Naomi, nyumba yako ni nzuri, ila ninaongea na sahani. Desemba nikiondoka sitarudi. Nikafie kwa watu wanaonijibu."

Niliumia sana. Nyumba njema si mlango. Nikaamini kosa ni la watoto, basi nikazidi kuwabana. Lazima nikueleze jinsi nilivyowabana. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 1999, nikiwa na miaka thelathini na minne na mimba ya Elia, na katika mtihani ule Kiswahili ndicho kilichonipa alama ya juu kuliko masomo yote. Cheti kipo, kimewekewa fremu. Elia akisema mezani, "Nataka ile maji," namwambia, "Yale maji. Rudia." Naomi akisema, "Chakula yako tamu, Bibi," namwambia, "Chakula chako ni kitamu. Rudia." Samaki mkunje angali mbichi, nilijisemea. Samaki wangu walikunjika, tena kimya kabisa.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Nilikuwa nimeamua kupaka nyumba rangi, na pambo langu la matundu lilikuwa limeanza kunichosha. Nikamwita Fundi Kasongo, Mkongomani tuliyesali naye kanisa moja, mtu wa maneno mengi na kazi safi.

"Mama, hii mashini iko muzima," alisema akiigonga tumbo. "Kwangu mupira iko, mashini ndiyo haiko. Miye nabeba hii, halafu nakufungia matundu yote bure. Ukuta itakuwa laini kama uso ya mutoto."

Nilikubali. Akalichomoa lile pipa kwenye bomba kuu, akalibeba hadi kwenye gari lake. Nilibaki gereji peke yangu mbele ya mdomo wa bomba ulio wazi, na bomba likaanza kusema.

"Mume wangu, umeshiba?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Nimeshiba, mke yangu." Huyo ni Elia! "Maliza ile hadithi ya baba. Alilala kwa mfereji, halafu?"

"Halafu zamu yetu ya maji ikapita. Nilimweka alinde mfereji, yeye akalala kama gogo, maji yote yakaenda kwa jirani. Mwaka ule jirani yetu alivuna mahindi mpaka kwenye mawe!"

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga! Na wewe ningekupiga, mume mvivu usiyeosha hata kikombe."

Naomi akaingilia kutoka chumba chake, "Mke mwenza, usimpige huyo, ni mwembamba, atavunja!"

Wakacheka wote watatu, ukuta mzima ukacheka. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, mjukuu wa kiume huitwa mume na wa kike mke mwenza, na utani huo sikuwa nimeusikia tangu tulipoondoka nyumbani. Hadithi ya mfereji hata mimi, mke wa baba yao, sikuwahi kuhadithiwa. Machozi yalinilenga. Mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini masikio yangu yalikuwa bado yamekwama kwenye lile kosa, na mdomo ukafuata masikio. Nikainama, nikabandika mdomo kwenye bomba:

"Atavunjika! Na si mke yangu, ni mke WANGU!"

Sauti yangu ilipita kila chumba kama ya malaika mwenye hasira. Elia alipiga ukelele. Nikasikia vifuniko vikifungwa, pa, pa. Kikabaki wazi kifuniko kimoja.

"Mama Naomi," alisema mama mkwe polepole, "hata ukutani huwezi kupiga hodi?"

Fundi Kasongo alirudi akanikuta kichwa kiko kwenye bomba. "Mama, uko unasali na ukuta? Nilete plasta?"

Nikamwambia asubiri.

Nilipoingia chumbani kwake, mama mkwe alikuwa akikunja kanga na kuzipanga kwenye sanduku, na Desemba bado ilikuwa mbali. Alinieleza kwamba mwanzoni mwa mwezi ule alifunua kile kifuniko akidhani ndipo baridi inapoingilia, akamsikia Elia akiimba juu, akamtania, naye Elia akamjibu. Kumbe ukutani hakuna anayemtazama mtoto mdomo.

"Wanakosea, Mama," nilijitetea. "Nisipowasahihisha watajuaje?"

"Mimi Kiswahili nilijifunzia sokoni, nikichekwa na wauza vitunguu. Mpaka leo ninakosea, nawe unanisikia. Umewahi kuniambia nirudie?"

"Siwezi, Mama. Wewe ni mkwe wangu."

"Basi huilindi lugha. Unakilinda kiti chako. Mkubwa anakosea kwa heshima, mdogo anakosea kwa aibu. Kupotea njia ndiko kujua njia, mwanangu, lakini wewe umesimama njiani na fimbo."

Nilirudi gereji nikamwambia Fundi Kasongo aende na mashine yake, plasta isubiri.

Siku nane ukuta haukusema kitu. Jumapili ya pili, tukiwa tumetoka kanisani na kila mtu yuko chumbani kwake, nilifunua kifuniko cha jikoni.

"Hodi."

Nikabisha tena, na mara ya tatu.

"Nani?" aliuliza Naomi.

"Mama yenu."

"Mwalimu yupo?" aliuliza Elia.

"Mwalimu ametoka."

"Amevaa koti? Nje iko baridi."

Nje *kuna* baridi, mwanangu. Unajua hivyo, nami najua hivyo, na cheti changu kinajua hivyo. Nililimeza lile neno kama mtu anayemeza kwinini.

"Amevaa, baba," nilisema. "Nje iko baridi sana."

Kicheko cha mama mkwe kilitoka ukutani, nikakisikia kwa masikio yote mawili. "Karibu, Mama Naomi," alisema. "Karibu ndani."

Nasaha yangu ni hii. Usahihi ni kitu chema, nami nimeuhenyekea, lakini mtoto apewe kwanza ruhusa ya kusema. Lugha yenye makosa hunyooka kwa kutumika, ila lugha iliyonyamazishwa haina wa kuinyoosha. Ukiona wanao wamekaa kimya, usikimbilie kusema wameipuuza asili yao. Jiulize kwanza ni nani aliyesimama mlangoni.

Shauri lenyewe lilikatwa rasmi Jumapili, tarehe 30 Novemba 2008, katika kikao cha familia ambacho mama mkwe alikuwa mwenyekiti. Ilikubaliwa kwamba mashine ni ya Fundi Kasongo, mabomba na matundu yabaki yalivyo, na ukutani asisahihishwe mtu. Mwisho mwenyekiti akatangaza kwamba tiketi ya Desemba isogezwe na tumwombee uhamiaji aongezewe muda wa kukaa, kwa kuwa, alisema akimkazia macho Naomi, hawezi kumwachia mke mwenza mume mwembamba namna ile.

Kisha alitubariki, na baraka yake nakupa wewe: Mungu akujalie watoto wabishi, nyumba yenye kelele, na moyo wa kuzifurahia.