Tazama Karai Kwanza

Mwanangu, umenipigia simu kwamba somo la utangulizi wa kompyuta limekukaba koo na muhula haujafika hata katikati. Kaa nikusimulie. Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu jikoni: siku darasa zima lilipopiga vigelegele katikati ya maabara ya chuo, kule Mwanza, kwa ajili yangu.

Lakini nilianzia pabaya. Nilitoka Mwakitolyo, machimboni, sijawahi kugusa kompyuta. Wenzangu waliandika bila kutazama vidole, mimi herufi moja naisaka mpaka macho yananiuma. Nikaamua kutumia mbinu iliyonivusha sekondari, yaani kukariri. Programu za mwalimu nilizimeza zote, mpaka nukta. Jaribio la kwanza likaja, swali limegeuzwa kidogo tu, nami nikamwaga nilichokariri. Mwalimu Lugembe, mzee wetu wa somo lile, hakunifokea. "Minza," aliniambia mbele ya watu, "umejibu vizuri sana swali ambalo sikuuliza."

Walicheka, mwanangu. Wee acha tu. Lilikuwa limebaki jaribio moja, la vitendo, na nikifeli na hilo nadisko, yaani nafukuzwa chuo, narudi nyumbani. Na mama yangu alikwisha kuwatangazia watu wote wa mwaloni kwamba bintiye anasomea kompyuta.

Likizo fupi nikaenda kumsaidia kazi yake ya mwaloni. Mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu: unamwaga mchanga na maji juu ya ubao uliotandikwa gunia, mchanga unateleza, dhahabu kwa uzito wake inabaki. Mchanga uliokwisha kuoshwa tunauita marudio, na kama bado una kitu, unaoshwa tena na tena. Mama alinionyesha rundo la marudio, nikaanza kumwaga huku nikimlalamikia mambo ya chuo, hasa programu moja niliyoshindwa kuikomesha. Nikamwaga, nikalalamika, nikamwaga. Mama akanishika mkono.

"Ng'wanone, mwanangu, unaosha nini?"

"Marudio, mayu."

"Umetazama kwenye karai?"

Sikuwa nimetazama. Na hilo kila mtoto wa pale analijua: kabla ya kumwaga, unachota konzi ya mchanga, unaizungusha na maji kwenye karai, unatafuta chembe inayong'aa. Ukiiona, unaosha, kisha unatazama tena. Usipoiona, unaacha. Mama akazungusha konzi moja kutoka kwenye rundo langu. Hakukuwa na kitu.

"Umeosha mchanga mtupu tangu asubuhi," akasema. "Ungeosha mpaka jua lizame."

Nilisimama na ndoo mkononi, mwili wote unanisisimka. Maana programu iliyonishinda chuoni ilikuwa ikifanya vilevile: inapokea namba, inapokea namba, haikomi, na mimi sijui kwa nini. Haikuwa na karai! Nilimkumbatia mama na matope yake yote. Akanisukuma, akaniuliza kama nimechanganyikiwa, akaniambia ninawe nikale.

Siku ya jaribio ikafika. Tuandike programu inayopokea namba moja moja, ikome mtu akiandika sifuri, kisha itoe wastani wa zile zilizoingia. Safari hii sikukumbuka programu ya mtu yeyote. Niliandika polepole. Kabla ya kujumlisha, tazama kwanza: ni sifuri? Halafu nikajiuliza, na kama rundo lenyewe ni tupu tangu mwanzo? Nitagawa nini kwa nini? Nikaongeza mstari: kama hakuna kilichoingia, sema hakuna.

Mwalimu Lugembe akaanza kupita, kompyuta kwa kompyuta, na kwa kila mtu alianza kwa kubonyeza sifuri. Programu zikawa zinajaribu kugawa kwa sifuri na kufa, hata za wale mafundi wa kuandika bila kutazama. Alipofika kwangu nikasogeza kiti kumpisha. Akabonyeza. Kioo kikaandika: Hakuna namba. Akajaribu tatu, tano, saba, kisha sifuri. Ikamjibu tano.

"Nani kakufundisha kutazama kabla?"

"Karai, mwalimu."

Naye mzaliwa wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu kama kwetu, alielewa bila maelezo. Alicheka mpaka akavua miwani. Na walionicheka siku ile ndio walioanza vigelegele. Furaha niliyoipata sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na baba yenu anajua.

Leo somo lile nalifundisha mimi. Wanafunzi wananiita Mama Sifuri, wanadhani sisikii. Bibi yako naye, mtu akimuuliza Minza anafanya kazi gani, anajibu kwa maringo kwamba anaosha kompyuta.

Basi acha kukariri, mwanangu. Mashine haijui umelala na vitabu vingapi. Jiulize kila hatua inatafuta nini, itakoma lini, na itafanya nini isipokuta kitu. Na usiyaache ya nyumbani getini kwa kuona haya, ingia nayo darasani.

Mungu akupe utulivu wa kutazama kabla ya kumwaga, na akuonyeshe chembe yako inayong'aa. Na siku programu yako ikijibu sawasawa, usijibane. Piga kelele mpaka bibi yako aisikie mwaloni.