Madume Wawili wa Mama Mkwe

Mume wangu na kaka yake walikuwa hawasalimiani. Nyumba zao ziko kwenye kiwanja kimoja pale kijijini Daudi, mlango unatazama mlango, na katikati iko nyumba ya mama yao, ile ya zamani ya udongo tuliyoiezeka bati. Asubuhi kila mmoja anatoka na ng'ombe wake, anakohoa, anatazama mlimani utadhani kuna habari mpya huko, anapita. Wanaume wazima, wenye mvi. Ningepata fimbo ndefu ya kutosha ningewachapa wote wawili bila kuinuka kwenye kigoda changu.

Walichogombea ni mama. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, na mume wangu ndiye wa mwisho, kwa hiyo alihesabu kwamba mama ni wake kama alivyohesabu mazizi. Shemeji naye akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, akaweka marumaru chini, akatenga chumba chenye kitanda kipya, akatangaza kwamba mama atahamia kwake. Eti ni aibu mama wa mzee wa kanisa kulala kwenye udongo. Mume wangu akasikia ametukanwa, na kuanzia hapo salamu zikakatika.

Mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa angejibu, maana mimi alinijibu mara nyingi tukiwa tunachambua vitunguu swaumu. Alitaka afie kwenye nyumba yake, na kabla hajafa awaone wanawe wakila pamoja. Basi, hayo mawili tu. Marumaru hakuyataka, na alisema yanateleza.

Binti yangu, anayefanya kazi Arusha, ndiye aliyemletea bibi yake simbilisi. Walikuwa wawili, wa uzao mmoja, mmoja mwekundu na mmoja mweusi mwenye baka jeupe. Kwa asiyewajua, ni vinyama vinene visivyo na mkia, vinakula majani kutwa nzima na kupiga mluzi vikisikia mtu anakuja na chakula. Alichagua madume watupu ili wasizaane wakaijaza nyumba. Mama macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na ule mluzi ukampendeza sana. Akipita tu na majani mkononi wanapiga kelele, naye anacheka peke yake. "Hawa wananiita," alisema. "Tena wananiita wote kwa pamoja."

Tukawajengea banda la mabanzi kwenye ukuta wa jiko lake. Walilala wamebanana ubavu kwa ubavu. Mama alikaa akiwasikiliza wakitafuna, kisha akasema kwa sauti kwamba hivi ndivyo ndugu wanavyolala. Wanawe wote wawili walikuwa uwanjani na mlango ulikuwa wazi. Hawakusikia, au walijitia hawakusikia.

Shemeji ndiye aliyeharibu. Alikwenda mnadani kuuza kondoo akarudi na simbilisi jike kwenye boksi. "Mfugo usiozaa ni wa nini?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewanyima watoto. Akatengeneza kizimba cha waya, akakitundika juu kidogo ya banda la wale madume, eti wazoeane kwanza kabla ya harusi. Mama akamshukuru. Alilelewa hivyo, ukipewa kitu unashukuru, hata ukipewa balaa.

Wiki ile ile vita vikaanza. Kwanza walinguruma na kutembea wakitikisa makalio kama walevi wanaotoka kilabuni. Halafu wakaanza kugonganisha meno. Halafu manyoya yakasimama mgongoni, na tukawakuta wameviringana, nyasi zinaruka. Nilimwambia mama kwamba wanacheza.

"Nimezaa wanaume," akasema. "Sauti ya mchezo naijua."

Alikosa usingizi. Mchana alikaa kwenye mlango wa jiko ameinamisha kichwa, anasikiliza, na chakula chake kinapoa. Sikuhitaji kuwa mganga kujua ni kina nani hasa aliokuwa akiwasikiliza.

Sasa, shemeji yangu anasifika kata nzima kwa kupatanisha. Mke na mume wakigombana ataitwa yeye, majirani wakigombea mpaka wa shamba ataitwa yeye. Njia yake ni ile tuliyoikuta kwa wazee: wagombanao wanakaa, wanaombewa, inaletwa sahani moja ya ugali, kila mmoja anamega tonge humo humo mbele ya watu, na yameisha. Siidharau njia hiyo. Nimewaona watu wakilia na tonge mdomoni. Ila kwamba mtu anayepatanisha kata nzima hajamega tonge na ndugu yake wa tumbo moja, hilo watu walilinyamazia kwa heshima, na mimi nililinyamazia kwa sababu nimeolewa pale.

Jumamosi moja akaja jikoni kwa mama amevaa koti la kanisani. Akatazama banda. Nilikuwa nimewawekea bakuli mbili na maboksi mawili ya kujifichia. Akatoa bakuli moja. Akatoa boksi moja, eti ndugu hawatengwi vyumba, akabakiza moja lenye tundu moja la kuingilia. Akaweka sahani moja ya karoti na majani ya kabichi katikati, akavua kofia, akaomba. Aliwaombea wale wanyama wakumbuke tumbo walilotoka. Nilifungua jicho moja nikamuona mume wangu amesimama nje ya dirisha, kofia mkononi naye, anasikiliza kaka yake akiombea amani ya ndugu kwa viumbe vyenye ukubwa wa kiatu. Kuingia ndani hakuingia. Nilitaka kucheka na nilitaka kurusha ile sahani, vyote kwa wakati mmoja.

Amina haijapoa, yule mweusi akapanda juu ya sahani. Mwekundu akasogeza pua, akang'atwa sikio. Akakimbilia kwenye boksi, mweusi akamfuata, na kwa kuwa tundu lilikuwa moja, hapakuwa na pa kutokea. Tulisikia ukelele ambao sikujua unaweza kutoka kwenye mnyama mdogo vile. Mimi nilichukua ufagio. Shemeji, mtu wa amani, akaingiza mkono, na kidole kikang'atwa mpaka ndani.

"Wachinjwe," akasema, amekikamata kidole. "Nasikia nyama yao ni tamu."

Mama alikuwa amempakata mwekundu kwenye kanga, damu ya sikio inamchuruzikia mkononi. "Hawachinjwi," akasema. "Na hawatenganishwi. Watakaa pamoja." Ni mwanamke asiyeomba hata chumvi, na siku ile alikuwa akiamuru.

Nikampigia simu binti yangu. "Nani kawapa sahani moja?" akanifokea, mimi mama yake. Akanieleza kwamba madume wa simbilisi wanaweza kukaa pamoja vizuri mpaka uzeeni, lakini kila kitu kiwe viwili na viwe mbalimbali: chakula, maji, pa kulala. Kila kibanda kiwe na matundu mawili ili asibanwe mtu pembeni. Nafasi iwe kubwa, na banda lioshwe harufu yote ya ugomvi itoke. "Na huyo jike aondoke kabisa," akasema. "Wasisikie hata harufu yake."

Jike nilimtia kwenye kapu nikampelekea rafiki yangu wa kijiji cha Bashay. Matundu aliyakata mume wangu kwa msumeno, bila kuniuliza ni ya nini. Wale madume tuliwaweka waya katikati mpaka sikio likapona, kisha tukawakutanisha sebuleni kwangu, mahali ambapo si kwa mmoja wala kwa mwenzake, sakafu nzima nimetandaza majani. Wakanguruma kidogo, wakapandana, wakatishana. Mimi nimeshika taulo la kuwaamulia. Mama alikuwa ameng'ang'ania sketi yangu kama mtoto. Wakaanza kula, kila mmoja upande wake, na baadaye upande mmoja. Nilipomwambia, akaachia sketi, akajifuta macho na ncha ya kanga.

Shemeji alikuwa kwake anauguza kidole. Jumuiya ilipokuja kusali nyumbani kwake alikuwa ameshapona mdomo, na akasimama kutoa ushuhuda. Kumbe aliyegundua yote ni yeye. Akainua kidole chenye bandeji watu wakione. "Madume hawana ugomvi," akasema. "Ugomvi unatoka kwa yule aliye katikati, kila mmoja anamtaka. Mkimtoa yule, ndugu wanakaa." Watu wakasema amina. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na naye akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo hakuwa amemfanyia kaka yake kwa muda mrefu. Mama alikaa ukutani na kanga yake nzuri. Nilidhani amesinzia.

Asubuhi nilimkuta amekaa nje ya mlango wake, amevaa viatu, fuko limefungwa. Akasema apelekwe Nangwa kwa binti yake aliyeolewa kule. Wanawe wakaja mbio, kila mmoja anamtazama mwenzake akiamini huyo ndiye aliyemuudhi.

"Hakuna aliyenikosea," mama akasema. "Jana nimesikia dawa. Na aliyeisema ni mzee wa kanisa."

Shemeji alifungua mdomo, na tangu nimeolewa pale hiyo ndiyo siku pekee nilipouona mtupu. Kisha wote wawili wakaanza kubembeleza. Kaka anasema, mama usiende, njoo kwangu, chumba kipo. Mdogo anasema, mama usiende, wewe ni wa kwangu kwa mila. Nilisimama na ndoo ya maziwa nikisubiri mmoja wao, yeyote, aseme mama baki hapo hapo kwako. Naye alikuwa akisubiri, niliona alivyogeuza sikio huku na huku. Maneno matatu manne tu, hata mlevi angeyapata. Hayakutoka. Akainuka, akaniambia nimshike mkono.

Walimsindikiza wote wawili mpaka kwenye gari la Katesh, la kumpeleka Nangwa, wamelishika lile fuko huku na huku, na watu wa stendi wakatusifu kwa familia yenye umoja.

Siku hizi wanasalimiana. Jumapili shemeji anakuja kwangu, wanakula, wanazungumza bei ya vitunguu na mvua, wanacheka mpaka wanapaliwa, na mimi nawapakulia nikiwa nimekunja uso. Nyumba ya mama ina kufuli. Hakuna anayemtaja, kwa maana atakayesema arudishwe atakuwa ameuanza ugomvi upya, na kila mmoja anaupenda utulivu wake.

Mama hupiga kwa simu ya wifi yangu. Jumapili iliyopita alipiga wakiwa mezani, akazisikia sauti zao, akaniuliza kama ni kweli ni wao. Nikamwambia ni wao. Akataka kujua wanasemaje. Niliwatazama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinua kichwa kuuliza naongea na nani.

Nikamwambia, "Wanakuamkia, mama. Wanasema shikamoo."

"Marahaba," akaitika. Kisha akaitika tena, ya mtoto wa pili.