Nilichagua chuo kwa sababu ya viatu, Zuhura akaninunia miaka miwili

Wakuu, heshima kwenu. Kwa umri wangu nyie ndio mngenipa shikamoo, ila humu wote ni wakuu, basi nafuata sheria za jukwaa.

Nimeona uzi wa kijana anauliza aende chuo gani kati ya viwili, mkamjibu kurasa nane za matusi. Mie nasimulia yangu. Sina sababu ya kudanganya, wa kunisuta wote wameshazikwa.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Tunakaa Temeke. Baba karani wa posta, mtu wa Songea, Mkristo hasa. Jirani yetu fundi cherehani, Mwislamu, ana binti anaitwa Zuhura. Tumekaa naye dawati moja mpaka tukafaulu kwenda ualimu. Tukaapa kwenda pamoja.

Zuhura akapata barua moja, ya chuo cha serikali. Mie zikaja mbili: hicho hicho, na cha misheni.

Vyote vilikuwa na jina. Misheni ni masista, kengele, kula kimya, Kiingereza Jumatatu hadi Jumamosi. Serikali ni netiboli, midahalo, ngoma za wikiendi, na mkuu wa chuo, mama wa Kizungu, anapita na baiskeli akiwapigia mluzi wavivu.

Mie nikajua baba atasema misheni, nitalia kidogo, lawama zibaki kwake. Mpango safi.

Baba akasoma zote mbili, akavua miwani. "Chagua mwenyewe, mama. Wa kwenda kulala huko si mimi."

Wakuu, nilichukia! Tangu nizaliwe sijachagua hata kitambaa cha gauni, leo napewa maisha yote kwa mkupuo.

Wiki hiyo hiyo akaja duka la mtaani kwetu dada mmoja aliyemaliza misheni. Viatu vyeusi vya kisigino, soksi nyeupe. Akaongea Kiingereza na mwenye duka mpaka mzee wa watu akamletea kiti.

Kiti! Mie nimesimama pale na chupa yangu ya mafuta ya taa, peku.

Nikaenda kumwambia Zuhura. Nikajitia kuongea mambo ya imani, kwamba Mungu ndiye kaniita huko.

Alikuwa anapiga pasi kanzu ya mteja. Hata hakuinua macho.

"Sema umependa viatu. Mie nilikuwepo dukani."

Hakuja kuniaga.

Siku ya kwanza chuoni, sista akakusanya viatu vyetu vyote akavifungia stoo. Vya Jumapili tu! Miaka miwili nimelima kabichi peku, kimya, kwa Kiingereza.

Nilimwandikia Zuhura barua sijui ngapi. Hakujibu hata moja. Hilo liliniuma kuliko jembe.

Nilipomaliza nikapangiwa shule Kinondoni. Kufika ofisini, nani yuko mezani? Zuhura. Naye kapangiwa pale. Tukasalimiana kama watu wa foleni.

Mara wakaingia wazazi watatu, wamekuja kuwatoa mabinti zao shule wakaolewe. Mwalimu mkuu hayupo.

Zuhura akasimama akawabishia kama yuko mdahaloni, hoja juu ya hoja, sauti inafika barabarani. Wazazi wakazidi kuwaka. Mmoja akaanza kumwita "we mtoto".

Akanigeukia. Mara ya kwanza kunitazama usoni siku ile.

Nikawapa wazee viti. Nikawasikiliza mmoja mmoja mpaka mwisho, bila kukatiza, kama nilivyozoeshwa na masista. Zile hoja za Zuhura nikazirudia polepole, kwa sauti ya chini. Wawili wakakubali mabinti wabaki. Wa tatu akaondoka na wake. Jina la yule binti ninalo hadi leo.

Walipotoka, Zuhura akasema, "Kumbe huko nako mlifundishwa kitu."

"Hoja zilikuwa zako."

Akacheka. Tukafundisha wote pale miaka mingi.

Funzo? Kijana, vyuo vyako vyote ni vizuri, ndiyo maana unashindwa. Chagua chochote uende. Mie chuo sijakijutia. Ninachojutia ni kumsingizia Mungu mbele ya rafiki aliyekuwa anaujua ukweli.

Haya, uwanja wenu. Nani humu alichagua chuo kwa sababu anayoificha mpaka leo?